Kurekodi televisheni nyumbani: rekoda zinapotoweka madukani, uchukue nini?

Ulizia rekoda ya televisheni Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, ile mashine ya kujitegemea yenye diski ndani na rimoti yake, na utaonyeshwa king'amuzi au kisanduku cha Android, au utaambiwa usubiri mzigo wa mitumba. Bidhaa yenyewe inaisha duniani kote. Funai ya Japani, iliyobaki ikitengeneza deki za VHS wakati wengine wameshaacha, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016. Sony iliacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray za kurekodia Februari 2025. TiVo, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1999 na kuwazoesha watu kusimamisha kipindi kikiwa hewani, iliacha kuuza rekoda zake Oktoba 2025.

Kazi ya kurekodi imehamia ndani ya ving'amuzi, ndani ya televisheni zenyewe na kwenye seva za mbali. Kwetu kulikuwa na pigo jingine. Tanzania ilianza kuzima matangazo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ikafuata kufikia 2015. Deki na rekoda zote zilizotegemea matangazo hayo zikabaki hazina chaneli.

Anayetaka kurekodi mechi, taarifa ya habari au tamthilia ya jioni bado ana njia, ila kila njia ina bei yake na mtego wake.

Vipimo vya kulinganishia

Cha kwanza ni kinachoingia: mashine inarekodi kutoka wapi? Antena yako, dishi lako, au chochote king'amuzi kinachoonyesha? Hapa wengi hukwama kwa sababu ya HDMI, waya mmoja unaobeba picha na sauti za HD. Ishara ya HDMI kutoka king'amuzi cha kulipia kwa kawaida imefungwa kwa ulinzi wa HDCP, hivyo kifaa cha kurekodia kilichochomekwa katikati hutoa picha nyeusi. Kifaa si kibovu, kimezuiwa.

Cha pili ni nafasi. Kanuni yake ni rahisi: chukua kasi ya chaneli kwa megabiti kwa sekunde, zidisha kwa 0.45, utapata gigabaiti kwa saa. Chaneli ya picha ya kawaida inayokwenda kwa megabiti 2.5 hula takriban GB 1.1 kwa saa. Chaneli ya HD ya megabiti 8 hula GB 3.6.

Cha tatu ni faili ni la nani. Ukitoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta, rekodi itafunguka? Mashine ikifa, rekodi inabaki au inazikwa nayo? Wanunuzi wengi hawaulizi swali hili hadi siku ya msiba, na sisi tunaliona ndilo zito kuliko bei.

Halafu kuna kinachoharibika, maana umeme wetu unakatika na vumbi ni letu, na mwisho gharama inayoendelea baada ya kununua.

Rekoda ya DVD ya mitumba

Tyuna yake, yaani sehemu inayonasa chaneli, isahau. Ya analojia haina cha kupokea, na ya DVB-T, mfumo wa kwanza wa dijitali wa antena, iliyomo kwenye rekoda nyingi za zamani kutoka Ulaya haisomi DVB-T2, mfumo mpya zaidi unaotumika Tanzania na Kenya. Kinachobaki ni soketi za AV, zile za nyaya tatu za njano, nyeupe na nyekundu. Kwa njia hiyo rekoda hupokea karibu chochote king'amuzi kinachoonyesha, isipokuwa chaneli zilizowekewa alama ya kuzuia kunakili. Picha ni ya kawaida, si HD. Rekoda ya Ulaya yenye soketi pana ya SCART inahitaji kiunganishi chenye swichi ya IN na OUT, nayo iwekwe IN. King'amuzi kipya chenye tundu moja dogo la AV kinahitaji waya wake wenye pete nne, na mpangilio wa pete hizo hutofautiana. Picha isipotoka kwenye njano, jaribu nyekundu kabla ya kuurudisha waya dukani.

Kuna usumbufu mmoja usiokwepeka. Unatega muda mara mbili: kwenye rekoda, na kwenye king'amuzi ili kihamie chaneli husika saa hiyo.

Diski ya DVD-R ya GB 4.7 hubeba saa 2 kwa kiwango cha SP, saa 4 kwa LP na saa 6 kwa EP. Ukizidi saa 4, mpira wa miguu huanza kuvunjika vipandevipande. Rekoda yenye hadi diski ya GB 160 hubeba karibu saa 68 za SP. Rekodi ya DVD ni yako kabisa, mradi uifunge kwa chaguo la Finalize kabla ya kuitoa. Usipoifunga, deki nyingine itasema hakuna diski. Zilizomo kwenye hadi diski ya ndani kompyuta haizisomi, ni lazima uzichome kwenye DVD kwanza.

Kinachoua mashine hizi zikifika huku ni volti. Rekoda ya soko la Japani ni ya volti 100. Soma kibandiko cha nyuma: kikisema 100V tu, tafuta transfoma ya kushusha umeme, au iache hapo ilipo. Baada ya hapo ni kapasita za pawa saplai, ambazo huvimba kichwa na kuifanya mashine iwake na kuzima. Fundi hubadilisha kwa thamani ileile ya mikrofaradi, volti zilezile au zaidi, na ziwe za kuhimili nyuzi 105. Lenzi nayo huchoka, ikaanza kukataa diski tupu kabla ya kukataa zilizorekodiwa.

Inamfaa nani? Zaidi ya yote, mwenye kanda za VHS za harusi na misiba ya ukoo. Deki huungwa kwa AV, rekoda hurekodi, na DVD hutoka bila kompyuta kuhusika.

King'amuzi cha kulipia chenye diski ndani

Hiki ndicho kilichomrithi rekoda. Kina tyuna zaidi ya moja, hivyo unatazama chaneli hii huku kikirekodi ile, kwa HD kamili, na unatega kwa kubonyeza jina la kipindi kwenye ratiba. Mfululizo mzima hurekodiwa kwa amri moja. Kwa urahisi wa matumizi hakina mpinzani.

Sharti lake liko juu ya paa. Tyuna kadhaa zinahitaji LNB, kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi, inayolingana nazo, ama nyaya mbili, ama LNB maalumu inayopitisha yote kwenye waya mmoja. Mtu akinunua king'amuzi na kukichomeka kwenye waya mmoja wa LNB ya kawaida, atalalamika kwamba hakirekodi chaneli ya pili, na kosa ni la paa.

Kuhusu faili, jibu si zuri. Diski imefungwa kwa usimbaji unaotambua king'amuzi hicho tu. Ukiichomeka kwenye kompyuta haionyeshi kitu, na king'amuzi kikibadilishwa rekodi za zamani hazifunguki. Kwa huduma nyingi, kifurushi kikiisha au ada ya kurekodi isipolipwa, hata ulichokwisha kurekodi hukaa nyuma ya mlango. Unakodi nafasi ya kuchelewesha kutazama, huweki maktaba.

Diski yake hufanya kazi muda wote kinapowaka, kwa sababu huandika chaneli unayoitazama ili uweze kurudisha nyuma. Kwa hiyo joto ni adui yake. Kiachie king'amuzi sentimita 10 juu na pembeni, usiweke amplifaya juu yake, usikifunge kabatini. Dalili za diski inayokufa ni picha kuganda kila baada ya muda uleule, sauti ya tiki-tiki, na kukaa muda mrefu kwenye kuwaka. Ikibidi kubadilisha, chukua diski ya daraja la kamera za ulinzi, kama WD Purple au Seagate SkyHawk, kwa kuwa zimeundwa kuandika mfululizo.

Kinaifaa nyumba inayolipia kifurushi kila mwezi bila kukosa, na watu wake wanatazama wakafuta.

King'amuzi cha antena au dishi la bure, chenye USB

Kiko karibu kila mtaa, na kwa fedha chache hakuna njia inayokupa zaidi. Kwenye boksi huandikwa PVR, yaani kinaweza kurekodi. Kinarekodi kutoka antena au dishi lake mwenyewe, kwa ubora uleule wa hewani, kwa sababu hakibadilishi picha. Hunakili tu data inayopita. Kina tyuna moja. Maana yake, kikirekodi chaneli fulani utaweza kutazama nyingine zile tu zinazosafiri kwenye masafa mamoja na hiyo. Ukijaribu nyingine, kitakuuliza kama kisimamishe kurekodi.

Fanya mambo haya kwa mpangilio kabla ya kurekodi mechi unayoitaka kweli.

Kwanza, hakiki flashi. Soko limejaa flashi zilizoandikwa GB 512 ambazo ndani ni GB 32. Huonekana nzima hadi zijae kiasi cha kweli, kisha rekodi zote zinazofuata hupotea. Programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, huijaza flashi na kuisoma tena. Jaribio huchukua saa kadhaa, nalo linastahili kila dakika.

Pili, iumbize (format) ndani ya king'amuzi chenyewe. Ukipewa kuchagua kati ya FAT32 na NTFS, ambayo ni mipangilio miwili ya kuhifadhi mafaili, jua kwamba FAT32 haibebi faili linalozidi GB 4, hivyo mechi ya HD itakatwa vipande viwili au vitatu. Si kasoro. NTFS haikati, ingawa ving'amuzi vingine huisoma bila kuweza kuiandika. Rekodi dakika 5, cheza, ndipo uamini.

Tatu, ukitumia hadi diski ya nje, angalia umeme. Tundu la USB la kawaida hutoa miliampia 500, na diski ya inchi 2.5 inapoanza kuzunguka huweza kutaka karibu mara mbili ya hapo. King'amuzi kitazima na kuwaka kila unapoichomeka. Dawa ni habu ya USB yenye chaja yake, au diski yenye umeme wake wa ukutani.

Faili ni lako? Kwa sehemu kubwa ndiyo, na hapa ndipo njia hii inapoyashinda makubwa. Ving'amuzi vingi vyenye chipu ya ALi huweka rekodi kwenye folda inayoitwa ALIDVRS2, na ndani yake mna mafaili ya TS. VLC, programu ya kuchezea video, huyafungua bila swali. Vipande vya FAT32 huunganishwa kwenye Windows kwa amri moja: copy /b 000.ts+001.ts mechi.ts. Lakini vingine, hasa vinavyotolewa na kampuni za kulipia, hufunga rekodi kama ndugu zao wenye diski. Huwezi kujua kwa kutazama boksi. Nenda dukani na flashi, rekodi dakika moja, ifungue kwenye laptopu hapohapo.

Umeme ukikatika katikati, faili hubaki halijafungwa, na king'amuzi huenda kikasema halipo. Usiumbize flashi kwa hasira. VLC mara nyingi hulicheza hadi mahali umeme ulipokatika. UPS (betri ya akiba) ya VA 600 hushikilia king'amuzi na flashi kwa muda mrefu kuliko watu wanavyodhani, mradi televisheni isichomekwe humo.

Baada ya kununua hulipi kitu, ila flashi nyingine.

Televisheni yenyewe

Baadhi ya televisheni za Samsung, LG na nyinginezo hurekodi kwenye diski ya USB. Hurekodi kutoka tyuna yake ya ndani tu. Kinachoingia kwa HDMI kutoka king'amuzi hairekodi kamwe. Diski huumbizwa kwa namna ambayo Windows haiitambui, na rekodi husimbwa kwa ufunguo ulio kwenye saketi kuu. Fundi akibadilisha bodi, rekodi zimekwenda. Si kila modeli inayouzwa huku ina uwezo huo, hata kama ina matundu ya USB, kwa hiyo itafute kwenye menyu kabla ya kulipa. Inamfaa aliye nayo tayari na anayepokea chaneli za bure kwa antena. Usinunue televisheni kwa sababu hii pekee.

Kompyuta ndogo na tyuna

Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kiganja, pamoja na bodi yake ndogo ya televisheni iitwayo TV HAT, iliyotoka 2018, hupokea DVB-T2. Au tumia tyuna ya USB, lakini soma chipu: vijiti vingi vya bei nafuu vya RTL2832U huishia DVB-T, na mnunuzi hushangaa kuona antena nzuri isiyoleta chaneli hata moja. Programu ya Tvheadend husimamia ratiba na kurekodi, nayo haiuzwi. Ina uwezo ambao king'amuzi cha mtaani hakina: kwa tyuna moja hurekodi kwa pamoja chaneli kadhaa zinazosafiri kwenye masafa mamoja. Chaneli zilizofungwa kwa kadi hazimo humu.

Faili ni lako moja kwa moja, na TB 1 hubeba karibu saa 890 za picha ya kawaida. Nyumba nzima hutazama kwa simu au televisheni kupitia Wi-Fi ya ndani bila bando.

Inachodai ni mtu wa kuitunza. Rekodi zisiandikwe kwenye kadi ndogo ya mfumo, kwa sababu kuandikwa mfululizo huiua. Pi 4 ipewe chaja ya volti 5.1 na ampia 3. Chaja ya simu hushusha volti diski inapozunguka, na rekodi hutoka na mashimo. Kama hakuna mtu nyumbani anayeweza kusoma ujumbe wa kosa na kuufuatilia, kifaa kitakaa kabatini baada ya miezi miwili.

Kutorekodi kabisa: kutazama baadaye mtandaoni

Vituo vingi huweka taarifa ya habari na vipindi vyao YouTube, na kampuni za kulipia zina programu zao za simu. Hakuna diski ya kufa, hakuna saa ya kutega. Hesabu ya nafasi hugeuka kuwa hesabu ya bando: picha ya megabiti 3 hula GB 1.35 kwa saa, kwa kanuni ileile, na kila ukirudia unalipa upya.

Kuhusu faili, huna. Michezo huondolewa kwa sababu ya haki za matangazo, na kilichopakuliwa ndani ya programu huwa na tarehe ya kuisha. Hata huko Marekani, YouTube TV inayotoa nafasi isiyo na kikomo huhifadhi rekodi miezi 9 tu. Inamfaa mwenye intaneti ya mwezi isiyohesabiwa, anayefuata habari na mijadala kuliko mechi.

Saa, kosa linalorudi kila nyumba

Taarifa ya saa 2 usiku kwa king'amuzi ni 20:00. Anayeandika 02:00 ataamka na rekodi ya matangazo ya alfajiri. Ongeza au punguza 6 (saa 2 inakuwa 8), na kwa kipindi cha alasiri hadi kabla ya saa 6 usiku ongeza 12 (8 inakuwa 20), kisha hakikisha eneo la saa ni GMT+3. King'amuzi kilichowekwa GMT tu kitachelewa saa 3. Acha dakika 5 kabla, na kwa mechi ya mtoano ongeza saa nzima baada ya muda wa kawaida wa mechi, mapumziko yakihesabiwa, kwa ajili ya muda wa nyongeza na penalti. Kizime kwa rimoti, kamwe si ukutani.

Kwa hali yako

Unalipia kifurushi kila mwezi na shida yako ni kuwahi mechi ukitoka kazini: king'amuzi chenye diski ndani, LNB ikaguliwe siku hiyohiyo ya kufungiwa.

Unatazama chaneli za bure na unataka rekodi za kubaki nazo, mtoto akionekana kwenye kipindi cha shule au mahojiano ya mzee wa ukoo: king'amuzi cha USB kilichojaribiwa dukani, na nakala ya pili kwenye kompyuta wiki hiyohiyo.

Unataka kuweka kipindi cha kulipia kwa miaka: iliyobaki ni rekoda ya AV, kwa picha ya kawaida, kwa matumizi ya nyumbani. Kukionyesha kibanda umiza ni jambo jingine kisheria.

Una kijana nyumbani anayependa kompyuta, na watazamaji wanne wanaogombania rimoti: Raspberry Pi, na diski yenye umeme wake.

Uko Uingereza au Marekani: rekoda za antena bado zinapatikana, lakini uliza kabla ya kununua. Chaneli zinazokuja kwa intaneti kupitia Freely, huduma ya televisheni ya bure ya Uingereza, hazirekodiwi, na baadhi ya vituo vya Marekani vinavyorusha kwa ATSC 3.0, mfumo mpya wa antena wa huko, vimefunga matangazo yao, hivyo rekoda inayosoma ATSC 1.0, mfumo wa awali, bado ina kazi.

Una kanda za VHS kabatini: tafuta rekoda ya DVD sasa, maana kanda huota ukungu na deki nzima zinapungua. Anza na kanda ambayo waliomo wameshatangulia.